Mifupa Iliyomzidi Bibi Umri

Mdogo wangu Saida,

Hamjambo na joto la Tanga? Huku Lushoto nimevaa masweta mawili na bado meno yanagongana.

Leo nilikuwa napanda kwenda Irente, kule mwambani watu wanakotazama bonde, na mkongojo wangu, napumzika kila baada ya hatua kumi. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita, kisha akageuka.

"Wewe binti, una miaka mingapi?"

"Shikamoo bibi. Thelathini na mmoja."

"Marahaba. Ndiyo unatembea hivyo?"

Nikamweleza kwamba nina saratani ya uboho, inayokula mifupa, na kwamba wenzangu wote kliniki ni wazee, hata wauguzi hudhani nimemsindikiza mtu. Nikasubiri pole na machozi kama kawaida. Bibi akanitazama toka juu hadi chini.

"Kumbe mifupa yako imenizidi umri! Basi shikamoo."

Ulimi ukaniponyoka: "Marahaba!"

Saida, nusura nife kwa aibu. Bibi alicheka mpaka kuni zikamwagika, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nianze dawa. Nilipotaka kuinama nimsaidie, akanizuia: "Acha, mkubwa wangu, nitaokota mwenyewe."

Akapunguza mwendo, tukafika pamoja. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, hatukuona hata mti mmoja.

"Sasa hiki ndicho ulichopandia?" akauliza.

Nikamwambia ndicho hasa.

Nibusie wanao, na wewe punguza kulia. Nakupenda sana.

Dada yako,
Mariamu