Levi Tuliyemzika

Jumanne, 5 Agosti 2025
Polisi wameingia kambi ya Nabii Bethwel, kule msituni juu ya barabara ya Suam. Redio haina habari nyingine. Wametoa watu, nabii yuko seli, na wameanza kufukua makaburi. Makaburi! Miaka yote hii tukipiga ripoti tunaambiwa ati hao ni watu wazima, wana haki ya kuabudu.

Leo sikushona kitu. Gauni la mteja liko kwa mashine, sindano ndani. Mdogo wangu Levi aliingia kambi hiyo na Biblia na shati moja. Mwaka jana mtu aliyetoroka huko akatuambia Levi alikufa kwa malaria. Basi tukamzika bila mwili, kwa desturi ya kwetu — shina la mgomba ndani ya jeneza, limevalishwa koti lake. Nililia juu ya mgomba. Sasa labda tutapewa mifupa yenyewe. Sijui kama hapo mtu hushukuru ama hulia upya.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeenda kutoa mate kwa wapelelezi, wapime DNA walinganishe na mifupa. Afisa wa kike, anaitwa Chepkemei, mpole, anaandika polepole. Akauliza Levi alikuwa na alama gani mwilini. Nikasema kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakina kucha, alijikata na panga akivuna miwa. Akaacha kuandika. Akaniomba nimfuate hospitali, ila nisijenge matumaini kwanza.

Wadi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Kidole kile kile.

Levi! Amebaki mifupa na ndevu, lakini ni yeye, anapumua! Nikakaa sakafuni na sketi yangu ya kanisa. Asante Mungu. Asante. Sina maneno mengine, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Ijumaa, 8 Agosti
Anakunywa uji kama ametumwa kuunywa. Jina lake hataki kulisikia. Chepkemei amenieleza: kambini ukiingia ulioshwa mtoni, ukaacha jina lako langoni, ukaambiwa kuanzia leo wewe ni marehemu kwa dunia. Anahitaji ushahidi wa Levi. Watu walikatazwa dawa huko wakafa, na waliobaki hakuna anayetaka kusema. Akikosa shahidi, anaogopa nabii atatoka kwa dhamana na kurudi kwa watu wake.

Levi anamjibu jambo moja tu. "Mimi nilishakufa. Marehemu hatoi ushahidi." Tena kwa sauti tamu, ya mtu aliyeshiba. Nilitaka kumzaba kofi, mgonjwa hivyo hivyo.

Nimeamua: habari ya mgomba asiijue. Akisikia tulimzika kweli, atasema nabii hakukosea, na hatutampata tena. Nimempigia baba kule Malakisi, amelia mpaka simu ikaisha chaji. Nimewaonya wote wafunge midomo.

Jumapili, 10 Agosti
Wote wamefunga isipokuwa shangazi Nasike. Kumpa Nasike siri ni kuteka maji kwa ungo. Amefika kutoka Bungoma na kuku wa kuchemsha, akamshika Levi mashavu, akasema mbele ya wadi nzima: "Na vile tulikuzika vizuri! Watu walikula wakabakisha."

Nikafumba macho. Kwisha.

Levi akaweka kikombe chini. Akauliza walikula nini. Shangazi, kwa maringo, akasema ng'ombe. Ng'ombe gani? Hapo hata Nasike akaanza kutafuta leso yake mfukoni. Levi alikuwa na ndume mmoja tu duniani, anaitwa Waziri, alimlea kwa chupa tangu akiwa ndama yatima.

"Mlikula Waziri?"

Nesi alikuja mbio kwa kelele za Levi. Ati nani alitoa ruhusa! Ati mtu hajafa mnachinja mali yake! Ati mguu wa nyuma alipewa nani! Sauti yake ya zamani kabisa, ile ya kugombana na majirani. Alitusema mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Marehemu gani anauliza ng'ombe wake? Halafu akamaliza yule kuku, kwa hasira, mifupa akaivunja kwa meno.

Jumatano, 13 Agosti
Amemwita Chepkemei yeye mwenyewe. "Andika Levi, mtoto wa Eliakim, wa Malakisi. Andika niko hai."

Wameongea asubuhi yote. Mimi nilitolewa nje, lakini mlango haukuzuia kilio chake. Baadaye ameniambia kidogo tu. Alikuwa mmoja wa wachimba makaburi. Alichimba ya watoto pia. Siku aliyokataa kuchimba, wakamfungia peke yake ghalani, ndiyo maana yule aliyetoroka alidhani amekufa. Sikumuuliza zaidi. Nimemnyoa ndevu.

Jioni Chepkemei akanipigia: Levi ni shahidi, si mshtakiwa. Na nabii amenyimwa dhamana. Nimelala kwa mashine ya kushona kama mlevi, nikaamka shingo imepinda. Raha tupu.

Jumamosi, 16 Agosti
Malakisi. Tumemleta nyumbani — na amekwama langoni.

Baba mkubwa Hesbon ndiye anasimamia wazee. Aliyezikwa haingii hivi hivi. Kondoo achinjwe, Levi akasema sawa. Anyunyiziwe, sawa. Apite nyuma, kwa tundu la ua kama mwizi, akacheka, sawa pia.

Kisha Hesbon akasema: "Na jina. Levi tulizika. Leo unaoshwa, unapewa jina ingine."

Levi akabadilika uso. "Baba mkubwa, hiyo nilifanyiwa mara moja. Sitafanyiwa tena." Akakaa kwenye nyasi, nje ya lango.

Hesbon si mtu mbaya. Anaogopa tu, kwake kuita jina la aliyezikwa ni kuita kifo tena. Wote tukamtazama baba. Baba hajawahi kumpinga kaka yake, hata kwa shamba. Akageuka, akaingia nyumbani.

Akatoka na sinia ya ugali na jagi la maji. Akapita katikati ya wazee, akatoka langoni, akakaa chini kwenye nyasi, na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi.

"Levi," akasema, wakasikia mpaka majirani, "nawa mikono tule."

Wanakula huko nje sasa. Wazee bado wanabishana uani, kondoo amekata kamba anamaliza sukuma wiki alizoleta shangazi, na hakuna anayejua Levi atalala wapi. Naandika nikiwa jikoni. Baba anaitisha mboga zaidi, na amemwambia Hesbon naye alete sahani.