Mashua Niliyoifuta kwa Mafuta ya Taa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumanne, maana siku hiyo baba mkwe wangu, Mzee Njuki, anafunguliwa bandeji za macho baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na mimi niliyekuwa nikimwombea aone vizuri sasa naogopa atakachoona. Mzee alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja bandarini Mombasa, na alipostaafu akapewa picha ya rangi ya mafuta, bandari iliyotulia, meli mbili na mashua moja, akaitundika juu karibu na dari, na kila mgeni lazima asimame mlangoni aitazame kabla ya kupewa kiti, nikadhani ni heshima tu. Juzi watu walikuwa wanakuja kumjulia hali, nikapanda juu ya meza kupangusa vumbi, kumbe kwa karibu picha nzima ni madoadoa, na wewe unajua nzi wa huku msimu wa maembe wanavyochafua kila kitu, nikaona aibu, nikachukua mafuta ya taa nikasugua kona moja, na madoa yakatoka vizuri sana, ila niliposhuka nikafika mlangoni, mashua haikuwepo. Nikairudisha kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu, na sasa inang'aa hata ukiwa uani. Mume wangu Njeru anasema, "Wewe nyamaza tu, akiuliza mwambie ni hayo macho mapya." Lakini mzee hajawahi kunifokea tangu niolewe, na kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, mashua yangu bado iko?" nami namjibu iko. Nifanyeje?

Marcella, Ishiara

Marcella, nimecheka mpaka nimemwaga chai, sasa nisikilize. Hayo hayakuwa madoa ya nzi. Wako wachoraji wanaochora kwa nukta tupu, na ukisimama mbali nukta zinaungana zinakuwa maji. Ndiyo maana mzee huwasimamisha watu mlangoni, nawe miaka yote hiyo hukumuuliza.

Kusugua nakusamehe, ulitaka nyumba safi. Kumdanganya mtu aliyefungwa macho sikusamehe, na inaniuma kwa niaba yake. Njeru usimsikilize, Jumanne atakuwa amepata safari ya ghafla Embu.

Picha usiiguse tena. Jumatatu, mzee akishakunywa chai, kaa karibu naye umwambie yote, na hiyo chupa ya rangi ya kucha mpe aishike. Akinyamaza, nyamaza naye. Jumanne mkitoka hospitali msimamishe mlangoni, nawe usimame kando yake. Mashua ya kwanza ilichorwa na mtu ambaye mzee hamjui. Hii nyekundu, hata ilivyo mbaya, aliyeichora mzee humwita "mwanangu".