Mafuta ya Mgongo ya Baba Agape

Mbaga,
S.L.P. 118,
Same.
14 Julai 2024

Mpendwa shemeji Edgar,

Pokea salamu kutoka huku baridini. Natumaini u mzima na kazi za Afrika Kusini zinakwenda. Sisi tunapumua, mama mkwe miguu inamsumbua, tangawizi imestawi. Baada ya hapo shemeji, nimekukasirikia, tena sana.

Ile chupa uliyomletea kaka yako Zebedayo wakati wa Krismasi, mkaniambia ni mafuta ya mgongo! Kumbe ni dawa ya homoni za kiume, aliyoandikiwa hospitalini Moshi baada ya kupimwa na kuonekana zimepungua. Kuugua si aibu. Ila wewe ulibandua maelezo yote na kutupa karatasi ya dawa ili nisijue mume wangu anatumia nini. Mimi ni mkewe au mpangaji?

Basi kila asubuhi Zebedayo alikuwa anajipaka mabegani, anavaa singlendi, anampandisha Agape begani kumteremsha chekechea, maana mteremko wetu unaujua ukilowa. Miguu mitupu ya mtoto juu ya dawa mbichi, miezi yote hiyo!

Mtoto wa miaka minne akaota nywele nyeusi miguuni, akawa na jasho la mtu mzima. Mama mkwe akasema nimemlisha kitu. Kanisani wakanong'ona juu yangu. Nililia, Edgar. Mpaka daktari wa Same alipouliza, "Baba yake anajipaka nini?" Zebedayo akainamisha kichwa, akakiri yote.

Ameambiwa dawa asiache. Apake, anawe mikono, aiache ikauke, avae shati, na kabla ya kumkumbatia mtu aoge. Agape atarudi hali yake taratibu. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi uliyoitupa! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ninyi mlimwachia mtoto aumbuke.

Sasa kaka yako ameacha dawa, amerudia ule uchovu wake, na mtoto hamgusi kabisa. Asubuhi Agape anasimama mlangoni kanyoosha mikono, baba anaficha yake mgongoni. Jana kaniuliza, "Mama, nimemkosea nini baba?"

Mpigie kaka yako simu. Mimi hanisikii, aibu hiyo mliifunga pamoja, kaifungueni pamoja.

Mama mkwe anakusalimu, na shangazi Koleta pia. Mungu akutunze huko, nami nitakuombea hasira ikipoa.

Shati la mikono mirefu nimeshalipiga pasi. Linamngoja kaka yako msumarini, karibu na mlango anaposimama mtoto.

Shemeji yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Jesca, Mama Agape