Mlango wa Mbele Unapiga Shoti

Nyumba ya Mbroh,
Nyuma ya Soko la Samaki,
Sekondi.
9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Araba,

Umeme wote wa nyumba hii uko mkononi mwangu, na ukitaka ukweli, pasipo mjomba wako Kobina hata bandari ya Takoradi isingewaka taa. Hapa mtu hatoki wala haingii bila idhini yangu. Nimeanza na hilo ili barua hii uisome kwa heshima yake.

Hujambo lakini, mwanangu? Joto la Tamale likoje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimepoa? Wagonjwa wako wasikumalize. Muuguzi naye ana mwili. Sisi huku wazima, ila goti langu linaniweka ndani kidogo.

Sasa habari ya Jumamosi. Wakwe wanakuja kubisha hodi ya posa yako, nasi tuko tayari: viti vimeazimwa, mama yako mkubwa Ewurama ameshatenga samaki wa wageni. Kuna kijambo kimoja tu. Mlango wenyewe wa kubisha unapiga shoti.

Ulianza baada ya mvua. Ewurama alikuwa anatoka na beseni lake, akagusa komeo, beseni likaenda huku, yeye kule, samaki wakarudi kuogelea mtaroni. Nikasema wanawake wana woga, nikaugusa mimi. Mwanangu, nilimwona marehemu babu yako akinipungia mkono! Mwingine angekufa. Mimi nilikaa chini tu nikapumzika.

Nyumba yetu unaijua. Mlango wa nyuma jirani aliuziba kwa ukuta wake, na huu wa mbele ni chuma kitupu, fremu na yote. Basi tumo ndani kama kuku tengani. Anayetaka kutoka anaita, “Mjomba, zima!” nami nashusha swichi kubwa kule chini ya ngazi. Anatoka mbio, narudisha kabla friza la Ewurama halijaanza kutiririka. Na kwa kuwa niliwatangazia wote kwamba swichi zile zinanijua mimi peke yangu, hakuna mwingine anayekubali kuzigusa. Hebu fikiri: kila mtu anatoka isipokuwa mzimaji. Tangu mvua ile sijakanyaga barabara. Kenkei ya mahindi, ya moto, nainusa dirishani.

Fundi aliletwa. Akafungua kisanduku, akakuta swichi zimejipanga hazina jina hata moja, akasema hagusi kitu mpaka ijulikane ipi ni ya wapi. Nikamwambia, “Kijana, kapumzike, nilifunga taa za bandari hujazaliwa.” Akaenda kupumzika kweli.

Ikabidi nizitambue mwenyewe. Nikamweka mtu kila chumba, mimi nazima chini, wao wanapaza sauti.

“Kwa Papa Ebo giza!”

“Na jikoni?”

“Jikoni kunawaka, ila feni ya kwa Egya Kuntu imekufa!”

“Mjomba!” Ni Arhin huyo, fundi cherehani mpangaji wetu wa juu. “Nirudishie pasi yangu! Suruali ya mchungaji imenyooka mguu mmoja, unataka ahubiri amesimama upande?”

Kila swichi niliyoitambua nikaibandika plasta na kuiandika jina la chumba, kama tunavyoviita siku zote: kwa Papa Ebo, kwa Egya Kuntu, kwa Nana Esuon. Wenyewe, hata mama yetu Nana, wako makaburini zamani, lakini vyumba ni vyao, nani atabisha? Kisha nikazima moja moja, Ewurama akipima mlango kwa ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme. Zikazimwa zote ikabaki ya Nana tu, na kitaa bado kinawaka. Nikajua. Waya wa taa ya barazani unatokea chumbani kwa Nana na kulala juu ya fremu ya mlango.

Nikanyoosha mkono. Dada yangu akasimama katikati.

“Kobina, unamzima Mama?”

“Ni swichi, dada.”

“Imeandikwa nini hapo?”

Nikaifunika plasta kwa kiganja.

“Isome! Mjukuu wake anaposwa Jumamosi, wewe unamzima leo? Iguse, uone kama utaonja kinywaji cha wakwe.”

Nikabandua plasta. Akasema amekwisha kuliona jina, na Mama naye ameliona. Basi tukafungika tena, safari hii kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Hata nikapata wazo, maana kichwa hiki si cha kufugia nywele tu. Nikamwambia amwombe Nana anipishe. Ewurama akamwaga tone la kinywaji kizingitini, akamweleza mama yetu kwamba Kobina atakaa gizani kwa niaba yake, akamwekea kandili chumbani asiudhike. Nikabandika plasta mpya yenye jina langu, nikajizima mwenyewe. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko.

“Mjomba amezimwa!” Arhin alilia kwa sauti ya matanga. “Jamani, tumepata msiba!”

Kitaa cha bisibisi hakikuwaka tena. Ewurama akashika komeo, akatoka, akarudi, akatoka tena kwa raha tu. Plasta nimeifunga juu ya swichi asije mtu akanifufua. Yule fundi amekubali kuja kubadilisha waya, kwa kuwa sasa majina yapo.

Ewurama anakusalimu. Arhin anasema gauni lako liko tayari, uje ulijaribu. Nawe nisalimie dada yako Efuwa na wanawe, na huyo kijana wako umwambie wazee wake wabishe bila hofu.

Mungu akufikishe salama, na Nana Esuon akutangulie njiani.

Nikupendaye daima,
Mjomba wako,
Kobina Mbroh

Tena: wakibisha, wa kuwafungulia ni mimi, mjomba, hilo halina mbadala. Lakini, mwanangu, mlango ule sijaugusa. Wote wanapita, Arhin anauegemea akila karanga, nami nafika kwenye mkeka, narudi. Hata barua hii nampitishia Arhin dirishani akaitume. Nakuomba ufike Ijumaa, ufungue wewe, unishike mkono, tutoke na kuingia pamoja mpaka nizoee. Ewurama usimwambie. Yeye anajua ni goti.