Samaki Hawamo Kwenye Kasha Hili

Pangai, Lifuka,
Ha'apai, Tonga.
Jumanne, 9 Julai 2024.

Mpendwa ndugu yangu Lisiate,

Salamu nyingi kutoka kwa jogoo wa Lifuka, yaani mimi. U mzima huko Auckland? Shangazi Melenaite hajambo? Na Bibi yako Kalolaine, bado anaogelea kila Alhamisi kwenye lile bwawa la wazee lenye maji ya moto? Sisi huku tunapumua. Mimi nimezidi kutanuka kifua, ukiniona utafikiri nimemeza ngoma.

Najua mkono mmoja umeshika barua na wa pili unachakura kashani chini ya magimbi kutafuta samaki. Toa mkono, Lisiate. Hawamo. Soma kwanza, si wewe ndiye msomi wa ukoo? Mimi niliyeachana na shule kidato cha pili nimejikaza kuandika, nawe jikaze kusoma.

Nina wivu. Nausema wazi, maana wivu ukifichwa hunuka kama pweza aliyesahauliwa juani. Wala sikuonei wewe na viatu vyako. Namwonea Bibi yako, kwa niaba ya Bibi yangu Telesia.

Wewe harusi ya dada Pasemata uliikosa kwa ajili ya mitihani, basi nikupe habari. Bibi Kalolaine alishuka kwenye ndege na begi lake mwenyewe begani. Mzee Fonokalafi, mpakuaji mizigo, akamwuliza Bibi Telesia, "Mama, huyu ndiye bintiyo wa ng'ambo?"

"Binti gani! Pacha wangu huyo. Nilimtangulia robo saa tu, mwizi mkubwa wa umri!"

Watu wakacheka. Mimi niliyekuwa nasukuma kiti cha magurudumu cha Bibi Telesia sikuona cha kuchekesha.

Tumbo moja, siku moja. Walipokuwa wasichana, mama yao aliamua mmoja aende New Zealand kutafuta, mmoja abaki kumuuguza. Wako akaenda, wangu akabaki. Leo wako ana meno yake yote, goti jipya alilowekewa na serikali, na nesi anayempigia simu aende akaguliwe nyayo. Wangu nyayo zake alizikumbuka kidonda kilipoanza kunuka, kwa sababu sukari ilishayaua maumivu.

Ati Bibi Kalolaine naye ananiambia, "Usinione hivi, Mosese. Nyumba yetu ina ukungu ukutani, kila baridi kifua kinanibana. Wazungu wa upande wa pili wa mji wana miaka tisini na wanapanda baiskeli." Kumbe hata anayeonewa wivu ana wake wa kumwonea! Lakini sikumhurumia, unisamehe.

Siku ya harusi Pasemata akapakwa mafuta, akaingia kucheza. Unajua bibi mkubwa wa ukoo ndiye hutoka nyuma yake kufanya vituko, ili bibi harusi ang'are. Nafasi ile ni ya Bibi Telesia, robo saa ile ndiyo haki yake. Pacha wake akamvuta mkono, "Inuka wewe, mvivu!"

Bibi akasema, "Wewe chukua miguu. Mimi bado nina mikono."

Akapiga makofi mpaka mwisho, tabasamu limemganda. Nilitamani kumnyang'anya Bibi yako lile goti jipya nikimbie nalo.

Sasa nesi wetu ametuambia waziwazi: Bibi Telesia akiendelea na mafuta na sukari, mguu utakatwa. Kidonda kikianza kufunga kabla ya Krismasi, mguu utabaki.

Na hapo ndipo ujinga wetu ulipo. Pipa lenu la mapenzi huja limejaa nyama ya kopo na mbavu za kondoo zenye mafuta meupe kama sabuni. Kasha letu la mapenzi hufika kwenu na changu na kolekole niliowachoma mkuki mimi, bingwa wa mwamba mzima. Nyinyi mnakula bahari yetu, sisi tunakula mafuta yenu. Nyama Bibi haikatai, kwake kukataa zawadi ya pacha ni kumtemea mate. Samaki nao hawagusi, "Hao ni wa Kalolaine."

Kwa hiyo jana nimemdanganya. Nimemwambia ndege imekataa samaki, uzito umezidi. Akasikitika, akasema basi wasiharibike. Akala changu mzima, kichwa na macho. Akanyonya miiba, akanitazama.

"Mosese, ndege hii itakataa tena lini?"

Nikamwambia, "Kila wiki, Bibi."

Lakini uongo wangu una miguu mifupi, Lisiate. Mwambie Bibi Kalolaine apige simu, aseme kwa kinywa chake: samaki sitaki, kula wewe. Kwa neno lake atakula bila kujiona mwizi. Na pipa lijalo msitie nyama. Tieni viatu laini vya wagonjwa wa sukari, namba arobaini na mbili, viwili, kulia na kushoto.

Mimi naoa mwakani. Mchumba bado, ila foleni ni ndefu. Ile nafasi ya nyuma ya bibi harusi nimeshampa mwenyewe, Bibi Telesia.

Nisalimie Shangazi Melenaite, mjomba Inoke, na mdogo wako Tupou mwenye pua kama yangu, bahati yake. Mungu akaushe kuta za nyumba yenu na kidonda cha huku.

Nduguyo akupendaye kwa jicho moja, na kukuonea kijicho kwa la pili,

Mosese