Ndege Wako wa Mguu Mmoja

Nyumba ya nyuma, duka la vitasa
Jumapili, mvua imekatika

Mpendwa Kitinda wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Shemeji naye hajambo? Na mapacha, masikio yamepoa? Sisi huku tu wazima, ila mama anaumwa magoti na mimi naumwa roho. Magoti yana dawa yake. Ya roho nitakueleza.

Kazi inakwenda. Juzi nimemaliza kuchora miavuli ya turubai ya ule mgahawa wa kona, majani ya kijani na maua mekundu, na mwenyewe anasema siku hizi wateja wanagombea kukaa nje. Kizuri chajiuza. Kila mtu anausifu mkono wangu isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyenizaa.

Unakikumbuka kile kiti cha kukunja ulichomchorea mama kabla hujaondoka? Ndege wa bluu, mguu mmoja kwa kuwa rangi ilikuishia, na shingo umeipitisha palepale turubai linapokunjwa. Anayeijua kazi hachori kitu pale, rangi hupasuka. Ndege wako akawa kama amekabwa koo. Lakini mama hataki kingine. Nilimchorea kiti kipya: rangi nyeupe ya chini, mawaridi yenye vivuli, vanishi ya kuzuia mvua juu yake. Akakitazama, akasema, "Kizuri, mwanangu. Wawekee wageni."

Wageni! Nilikuonea wivu, Kitinda, sikufichi. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako inanichapa kila nikipita pale kibarazani.

Sasa turubai lako likaanza kuoza. Nyuzi zinaachia, na mama angeanguka na magoti yale ingekuwa habari nyingine. Shangazi alipomchukua akapumzike kwake kidogo, nikalivua kwenye mbao, nikalitandaza mezani kando ya turubai jipya, nikaanza kumwiga ndege wako. Mdogo wangu, huijui tabu ya kuchora vibaya kwa makusudi! Mkono ulitaka kumwongezea mguu, nikauzuia. Shingo nikaiweka kwenye mkunjo huku najua kabisa itapasuka. Fundi mbao wa jirani alichungulia dirishani, akatikisa kichwa. "Dada, leo unaumwa?"

Turubai jipya nikalipigilia kwenye mbao zilezile. Mama akarudi, akakaa, akajinyoosha, akampapasa ndege. Akaniuliza kiti chake nimekifanya nini. Nikamwambia nimekiosha.

"Unaona?" akasema. "Kazi ya mdogo wako hiyo. Ukiiosha tu, inarudi mpya. Hebu muulize rangi zake ananunua wapi."

Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Basi nikuulize kama nilivyotumwa: rangi zako unanunua wapi, wewe mwenye bahati? Brashi hujashika tangu uolewe.

Barua hii niliianza nikitaka kukuomba, siku ukipiga simu, umwambie mama ukweli, maana wewe atakusikia. Nimefika hapa nia imebadilika. Akijua, atainuka. Atataka arudishiwe lile bovu, alikalie mpaka limwangushe. Usimwambie. Acha akae.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu mashavu yote. Shangazi anakusalimu. Fundi mbao naye anakusalimu, anasema umeniharibia mkono. Mungu akufunike huko uliko, akupe riziki na usingizi mwema.

Na mama akikusifu kwenye simu, zipokee tu sifa, usibishe. Ila wewe ujue, walau wewe, kwamba mgongo wake umeegemea mkono wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea kijicho.