Mshale wa Kondoa Umetufikisha Hombolo

Baba Yohana, mzee wangu,

Mguu bado unauma? Paka mafuta, usijifanye shujaa. Mimi nasema, mwanao Yohana anaandika, na namwangalia asiruke neno.

Jana kwenye barabara kubwa mpya tulikuta kibao cha Kondoa, mshale ukituelekeza tuchepuke kulia. Yohana akasita. Nikamwambia, "Fuata, mwanangu, uongo hauandikwi kwa herufi kubwa hivyo." Tukatokea Hombolo, katikati ya mashamba ya zabibu. Mama mmoja akatuona tumeduwaa. "Karibuni Kondoa," akasema, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Kibao hicho hakininyimi wageni." Akatuwekea ugali wa uwele na mlenda. Chakula kikishawekwa, utaondokaje? Nikala, nikashiba.

Lakini moyo ulikuwa Kolo, huko Kondoa tulikokuwa tunakwenda. Unamjua mdogo wangu Eliza: mgeni wake asipofika, hagusi chakula. Tulifika jua linazama. Alikuwa mlangoni, jogoo kapoa chunguni, midomo imemkauka.

"Dada, umekula njiani?"

"Nile wapi?" nikamjibu. Nikala tena, mzee wangu, mpaka nikalegeza kanga kiunoni. Kila nikimega tonge, naye anamega. Nikafurahi.

Hao watu wembamba kwenye picha ya kadi hii walichorwa miambani huku na watu wa kale. Wao walifika bila kibao.

Zabibu zako ninazo. Nawe ukisikia njaa, kula, usiningoje. Nakujua.

Mkeo, Mama Yohana